Diski Iliyochomoza Tena Baada ya Upasuaji: Sindano au Kurudi Chumba cha Upasuaji?

Mgonjwa aliyewahi kupasuliwa mgongo kwa ajili ya diski huiogopa siku moja kuliko zote: siku ambayo maumivu yaleyale, yanayopita njia ileile kutoka takoni hadi unyayoni, yanarudi. Hufika kliniki akiwa na swali lililokwisha kupangwa kichwani, achomwe sindano au apasuliwe tena. Aghalabu amekwisha kupata majibu mawili yanayopingana, moja kutoka kwa ndugu aliyechomwa sindano akapona, jingine kutoka kwa jirani anayesimulia habari za mtu aliyepasuliwa mara ya pili asinyanyuke. Makala haya yanaeleza namna uamuzi huo unavyofikiwa, na yanawahusu wahudumu wa afya wanaoandika rufaa pamoja na mgonjwa mwenyewe, kwa kuwa mgongo ni wake.

Utachukuliwa mfano wa kufundishia: dereva wa lori mwenye umri wa miaka 43, anayesafirisha mizigo kati ya Dar es Salaam na Tunduma. Miaka miwili iliyopita alipasuliwa diski iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano za kiunoni. Akapata nafuu nzuri na kurudi kazini. Wiki tano zilizopita, baada ya kusaidia kubadilisha tairi, maumivu ya mguu wa kushoto yamerejea.

Diski ni mto ulio kati ya pingili mbili. Nje ina ganda la nyuzinyuzi ngumu, ndani ina kiini laini chenye majimaji. Ganda likichanika, sehemu ya kiini huchomoza na kugusa mzizi wa mshipa wa fahamu, yaani neva. Mwaka 1934, madaktari William Mixter na Joseph Barr wa Boston, Marekani, walichapisha katika jarida la New England Journal of Medicine maelezo yaliyoonyesha kwamba diski iliyopasuka ndiyo chanzo cha maumivu haya ya mguu, na kwamba yanatibika kwa upasuaji. Kwa miaka mingi baada ya hapo iliaminika kwamba neva huuma kwa sababu tu imebanwa. Baadaye ikabainika kwamba kiini chenyewe kina kemikali zinazoiwasha neva na kuleta mchochota, yaani uvimbe na mwako wa tishu. Uamuzi wote unasimama juu ya tofauti hiyo: sindano hutuliza mchochota, upasuaji huondoa kinachobana. Sindano haiyeyushi diski, na kisu hakizuii diski kuchanika tena.

Katika upasuaji wa kawaida wa diski, daktari huondoa kipande kilichochomoza na vipande vilivyolegea, si diski nzima. Tundu lililobaki kwenye ganda huzibwa na kovu dhaifu. Ndiyo maana kati ya wagonjwa 100 waliopasuliwa, takriban 5 hadi 15 huchomozwa na diski tena mahali palepale. Hatari huongezeka kwa wavutaji wa sigara na kwa wenye uzito mkubwa. Hata hivyo wengi wa wanaorudi hawakukosea jambo, wala daktari wao hakukosea. Inafaa mgonjwa aambiwe hivyo mapema, kwani anayejilaumu au anayemlaumu daktari wa kwanza huchagua kwa hasira.

Kabla ya kuuliza "sindano au kisu", sharti ithibitike kwamba ni diski. Mgongo uliopasuliwa una sababu nyingine za kuuma: kovu lililoizunguka neva, diski ya ngazi nyingine, pingili zinazocheza, mfereji uliosinyaa, au maambukizi. Historia husaidia sana. Mgonjwa ambaye maumivu hayakuondoka hata wiki moja baada ya upasuaji ana tatizo tofauti na yule aliyekaa miaka miwili bila maumivu kisha yakarudi ghafla. Huyu wa pili ndiye mwenye sura ya diski iliyochomoza tena. Maumivu yanayojijenga polepole kwa miezi, yasiyobadilika mtu akikaa au akilala, hufanana zaidi na ya kovu.

Kipimo cha MRI huamua, ila kikiombwa ipasavyo. Fomu ya maombi iandike kwamba mgonjwa alipasuliwa, lini, na ngazi ipi, ili apewe dawa ya kung'arisha picha iitwayo gadolini. Kovu lina mishipa ya damu, hivyo hung'aa mara dawa inapofika. Kipande cha diski hakina, hivyo hubaki cheusi. Fomu iliyoandikwa "maumivu ya mgongo" tu huleta picha zisizotenganisha hivyo viwili, na mgonjwa hulipia kipimo mara ya pili. Jambo jingine ni kwamba watu wengi wasio na maumivu yoyote huonekana na diski zilizochomoza kwenye picha. Picha isiyolingana na upande wa maumivu na neva iliyoathirika haitoshi kumpeleka mtu popote.

Kifua kikuu cha mgongo kinastahili kutajwa peke yake katika nchi zetu. Homa za jioni, jasho la usiku, kupungua uzito, au maumivu yasiyotulia hata usiku mtu akiwa amelala, vyote vinadai uchunguzi wa maambukizi kwanza. Kuchoma steroidi kwenye mgongo wenye maambukizi ni kuyafungulia mlango.

Yanayofuata ndiyo wahudumu wengi huyapita haraka. Kinachoamua uharaka ni nguvu ya mguu, na maumivu ni mashahidi wabaya. Mtu anaweza kulia kwa maumivu huku neva ikiwa nzima, na mwingine akasema "sasa yamepungua" kwa sababu neva inakufa. Mgonjwa aambiwe atembee kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole. Ainue kidole gumba cha mguu huku mhudumu akikikandamiza. Neva ya tano ya kiunoni ikidhoofika, kidole gumba na unyayo hushindwa kuinuka na mtu huanza kuburuta mguu. Neva ya kwanza ya nyonga ikidhoofika, hushindwa kusimama kwa ncha za vidole na kisigino hakiruki kikigongwa kwa nyundo ndogo. Nguvu iandikwe kwa daraja la 0 hadi 5, pamoja na tarehe. Daraja lisiloandikwa leo halitamwambia yeyote wiki ijayo kama hali inazidi.

Mgonjwa ambaye nguvu yake inashuka kati ya kipimo kimoja na kingine, au ambaye mguu umedondoka kwa siku chache zilizopita, ni wa upasuaji wa haraka. Na mgonjwa aliyeshindwa kukojoa au anayevuja mkojo bila kujua, aliyekufa ganzi sehemu zinazogusa tandiko la baiskeli, au ambaye miguu yote miwili imeanza kuuma na kulegea, ana dalili za kubanwa kwa fungu la neva liitwalo mkia wa farasi. Huyo hapangiwi kliniki. Hupelekwa siku hiyohiyo, kwa gari lolote lililopo, penye daktari bingwa wa mgongo au wa ubongo na mishipa ya fahamu. Saa 48 za kwanza zina thamani kubwa, na neva za kibofu zilizokufa mara nyingi hazirudi.

Dereva wa mfano wetu ana nguvu ya daraja la 5 kila mahali isipokuwa kidole gumba, ambacho ni daraja la 4, na kimebaki hivyo kwa vipimo viwili. Mkojo hauna shida. MRI imeonyesha kipande kipya cha diski upande wa kushoto. Sasa ndipo swali la sindano au kisu linapokuwa halali.

Kwanza ieleweke ni sindano ipi. Wagonjwa wengi wanaosema "nimechomwa sindano hazikusaidia" walichomwa diklofenaki takoni. Sindano inayozungumziwa hapa huingizwa katika nafasi inayoizunguka ngozi ya uti wa mgongo, au kando ya mzizi wa neva husika, kwa kuongozwa na picha za eksirei, ikiwa na steroidi na dawa ya ganzi. Kwa mgongo uliokwisha kupasuliwa, kuongozwa na picha ni lazima, maana kovu limebadilisha ramani.

Ushahidi unaipa sindano heshima ya kiasi. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000, wagonjwa 55 waliokwisha kufikia hatua ya kupasuliwa waligawanywa kwa bahati nasibu. Kati ya 28 waliochomwa steroidi pamoja na ganzi, 20 waliacha upasuaji. Kati ya 27 waliochomwa ganzi pekee, walioacha ni 9. Nchini Uingereza, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ukiwa na wagonjwa 163 haukuona tofauti ya maana kati ya sindano na upasuaji baada ya wiki 18. Madhara makubwa manne yalitokea upande wa upasuaji, na upande wa sindano hapakuwa na hata moja. Huko Uholanzi, mwaka 2007, wagonjwa 283 walilinganishwa: waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka zaidi, lakini mwaka ulipoisha, karibu 95 kati ya kila 100 katika makundi yote mawili walisema wamepona. Ushahidi wa namna hii umetokana zaidi na diski iliyochomoza mara ya kwanza. Kwa mara ya pili unatumika kwa tahadhari, ingawa sababu ya msingi ni ileile: mwili huweza kukisaga na kukifyonza kipande kilichochomoza, na sindano humnunulia mgonjwa muda wa kusubiri.

Muda huo una bei. Sukari ya mgonjwa wa kisukari hupanda kwa siku kadhaa. Anayetumia warfarini au klopidogreli anaweza kuvuja damu ndani ya mfereji wa uti. Mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu madhara adimu lakini mazito, yakiwemo kiharusi na kupooza. Na jambo linalosahauliwa mno: mgonjwa anayetumia dawa za VVU zenye ritonaviri. Dawa hiyo huzuia ini kuivunja steroidi, hivyo dozi moja ya triamsinoloni huweza kukaa mwilini kwa wiki nyingi, ikavimbisha uso, ikapandisha sukari na presha, na kuzilaza tezi zilizo juu ya figo. Swali la dawa hizo liulizwe faraghani, mgonjwa akiwa peke yake, kwani mbele ya shemeji hatajibu.

Sindano ya kwanza isiyoleta nafuu yoyote hairudiwi kwa mazoea. Desturi ya kupanga sindano tatu mfululizo kabla hata ya kuona matokeo ya ile ya kwanza haina msingi.

Upasuaji wa pili nao si adhabu kama unavyosimuliwa. Matokeo yake kwa diski iliyochomoza tena hukaribia yale ya upasuaji wa kwanza, hasa mguu unapouma kuliko kiuno na mgonjwa alipokuwa amekaa muda mrefu bila maumivu. Kovu huongeza uwezekano wa kuchanika kwa ngozi ya uti na kuvuja maji yake, jambo ambalo kwa kawaida hushonwa palepale. Kuunganisha pingili kwa skrubu huachiwa wenye pingili zinazocheza au diski iliyorudi mara nyingi. Upasuaji usioahidi kitu ni ule wa kwenda kuondoa kovu pekee, humea lingine.

Kwa dereva huyu, njia zote mbili ni halali, na hapo kazi ya daktari inageuka kuwa ya kuuliza. Anaweza kukaa wiki ngapi bila safari? Mwajiri atamngoja? Akilazimika kusubiri miezi mitatu bila kipato, upasuaji wa mapema huenda ukawa na maana kwake kuliko kwa karani anayeweza kufanya kazi akiwa amesimama. Tuseme amechagua sindano. Basi tarehe ya kurudi inaandikwa, wiki ya sita, pamoja na daraja la 4 la kidole gumba ili lilinganishwe. Mazoezi tiba huanza maumivu yakishatulia kidogo. Mkewe anaelezwa dalili za mkojo na ganzi akiwa ameketi pembeni yake, na kwenye kadi ya kliniki inaandikwa namba ya kupiga usiku. Wiki ya sita ikifika na mguu bado unamzuia kulala, anaingia kwenye orodha ya upasuaji bila kuanza upya na sindano nyingine. Na kama kidole kimeshuka daraja la 3 kabla ya hapo, wiki ya sita haisubiriwi.