Je, Kimya cha Mbingu ni Ushahidi?

Wako waulizao: Ikiwa mbinguni mna viumbe wenye akili, mbona hatuwasikii? Qurani Tukufu (sura ya 42) yataja viumbe hai waliotawanywa mbinguni na ardhini, ambao Mwenyezi Mungu aweza kuwakusanya apendapo.

Ndugu msomaji, nuru huvuka kundi letu la nyota kwa miaka ipatayo 100,000, nasi tulianza kuwasikiliza kwa redio mwaka 1960 tu! Aliyepeleka barua jana kutoka Singida, akikosa jibu leo, je, atasema nduguye wa Kigoma hayupo?

Wala tusidai ovyo. Kimondo cha Ivuna, kilichoanguka nchini mwetu mwaka 1938, kilidaiwa mwaka 1961 kuwa na mabaki ya viumbe. Uchunguzi zaidi ukaonyesha madini na uchafu wa duniani. Basi kukana bila hoja ni kosa, na kudai bila hoja ni kosa vilevile.