Nani Kasema? Wikipedia na Amana ya Kunukuu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu wanafunzi, kila muhula naliona jambo lile lile katika vikundi vyetu vya kujisomea. Swali likitolewa, simu zinatoka mifukoni na jibu la kwanza linatoka Wikipedia. Hilo peke yake si baya. Tatizo ni kwamba nikiuliza, "Nani kasema hivyo?" naambiwa, "Wikipedia imesema." Darsa letu la leo linahusu jibu hilo: kwa nini halitoshi, na mwanafunzi Mwislamu afanye nini.

1. Inavyofanya kazi

Wikipedia ilianzishwa tarehe 15 Januari 2001 na Jimmy Wales na Larry Sanger. Kabla yake walikuwa na kamusi elezo nyingine, Nupedia, ambayo makala zake ziliandikwa na wataalamu na kupitiwa hatua kwa hatua. Kazi ilikwenda polepole mno, na makala chache tu zilikamilika. Ndipo wakafungua mlango kwa kila mtu kuandika na kusahihisha. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003. Shirika linaloisimamia, Wikimedia Foundation, halifanyi biashara, na waandishi ni watu wa kujitolea.

Kwa kuwa yeyote anaweza kuandika, zimewekwa kanuni tatu kuu. Mwandishi asiegemee upande mmoja. Kila dai linaloweza kupingwa liwe na chanzo kilichochapishwa. Na mwandishi asilete utafiti wake mwenyewe ambao haujachapishwa popote. Maana yake ni kwamba Wikipedia yenyewe haidai kuwa ni shahidi. Inadai tu kutuonyesha mashahidi walipo. Anayesema "Wikipedia imesema" amemtaja mbeba barua na kumwacha aliyeiandika.

2. Kisa cha mwaka 2005

John Seigenthaler alikuwa mwandishi wa habari mashuhuri wa Marekani. Mwezi Mei 2005 mtu asiyejitaja aliandika katika makala yake kwamba aliwahi kudhaniwa kuhusika na mauaji ya John Kennedy na Robert Kennedy. Ulikuwa uongo mtupu, na baadaye ilijulikana kwamba mwandishi alifanya hivyo kwa mzaha. Uongo ule ulikaa kwa zaidi ya miezi minne. Kibaya zaidi, tovuti nyingine zilinakili makala ile ilivyo. Mtu angeweza kufungua tovuti tatu, akaona zote zinakubaliana, akadhani amepata mashahidi watatu, kumbe shahidi ni mmoja, naye ni mwongo. Mwezi Desemba mwaka huo Wikipedia ya Kiingereza iliwazuia wasiojisajili kuanzisha makala mpya.

3. Isnadi na tanbihi

Waliosoma elimu ya hadithi wanaijua hatari hiyo. Hadithi inaweza kuwa na njia nyingi, lakini ukizifuata unakuta zote zinarudi kwa msimulizi mmoja dhaifu. Ndiyo maana wanazuoni wetu hawakutosheka na matini. Walitazama isnadi: nani kapokea kwa nani, je, walikutana, na hali yake ya uaminifu na kuhifadhi ilikuwaje.

Allah anatuamuru katika Suratul Hujurat, aya ya 6, tuichunguze habari inapoletwa na fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Na Imam Muslim amepokea katika utangulizi wa Sahihi yake mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kwamba mtu kusimulia kila anachosikia kunatosha kumfanya mwongo. Zingatieni: hajatunga kitu. Kosa lake ni kusimulia bila kuchuja.

Lakini tusilinganishe kupita kiasi. Katika hadithi tunamjua msimulizi. Katika Wikipedia mwandishi anaweza kuwa jina la bandia tu, kwa hiyo uzito wote unahamia kwenye chanzo. Tanbihi ikiwa dhaifu, sentensi haina pa kusimama.

4. Hatua za kufuata

Tuchukue mfano wa karibu. Inasimuliwa kwamba mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alifika katika kasri la Kabaka Suna II huko Buganda mwaka 1844, akazungumza naye habari za Mwenyezi Mungu. Ukikutana na sentensi kama hiyo:

Kwanza, tafuta namba ya tanbihi. Kama haipo, usiinukuu.

Pili, kifungue chanzo chenyewe, uhakikishe kwamba kweli kinasema hivyo. Mara nyingine chanzo kinasema "huenda", na makala inasema "hakika".

Tatu, mtazame aliyeandika. Je, ni mmisionari, ofisa wa kikoloni, au mtafiti aliyewahoji Waislamu wenyewe? Kila mmoja ana macho yake.

Nne, fungua kurasa za historia na majadiliano za makala hiyo. Utaona nani amebadilisha nini, lini, na watu wanabishania nini.

Tano, nenda maktaba. Kwa mada hii, Arye Oded na A. B. K. Kasozi wameandika vitabu kuhusu Uislamu nchini Uganda. Katika kazi yako taja kitabu ulichokisoma, wala usitaje kitabu ambacho umekiona kwenye tanbihi tu. Kufanya hivyo ni kudai umeshuhudia ambacho hukushuhudia.

5. Mipaka yake

Usichukue fatwa humo. Kanuni ya kutoegemea upande inaifanya Wikipedia ieleze wanavyosema hawa na wanavyosema wale, na haina kazi ya kukuambia lipi ni haki mbele ya Allah. Mwaka 2008 maelfu ya Waislamu waliomba michoro inayomwonyesha Mtume (s.a.w.) iondolewe katika makala ya Kiingereza, na ombi likakataliwa. Tuelewe basi kwamba tumeingia nyumba yenye adabu zake. Twende na elimu yetu, na suala la dini tulirudishe kwa masheikh.

6. Wajibu wetu

Wengi tukigundua upungufu huu tunaishia kulaumu. Mimi naona jambo zito zaidi. Mashahidi wa Kikristo waliouawa Buganda kati ya 1885 na 1887 wanajulikana duniani kote. Vijana wa Kiislamu waliouawa kwa amri ya Kabaka Mutesa I katika miaka ya 1870, kabla yao, hata miongoni mwetu wengi hawawajui. Wenzetu waliandika, wakachapisha, wakahifadhi. Sisi mengi tumeyaacha vifuani mwa wazee, na kanuni ya chanzo haipokei kilicho kifuani. Mzee akifariki, isnadi imekatika.

Basi mwenye tasnifu ya kuandika mwaka huu aende kwa wazee wa msikiti wake, Kibuli au Buyenzi, Nyamirambo au Kasongo. Awahoji, aandike majina na tarehe, achapishe. Kisha mwingine atakuwa na cha kutaja atakapoandika makala, kwa Kiswahili pia. Elimu yenye kunufaisha ni miongoni mwa mambo ambayo thawabu zake hazikatiki mtu anapokufa.

Maswali ya kujadili katika halaqa

1. Chagueni makala moja kuhusu Uislamu katika nchi yenu. Je, tanbihi zake tatu za kwanza zinathibitisha kilichoandikwa?
2. Tovuti kadhaa zinapokubaliana, tutajuaje kama chanzo chake si kimoja?
3. Ni habari gani ya msikiti au madrasa yenu iliyo kwa mzee mmoja tu, na nani atakwenda kuiandika kabla ya muhula kwisha?

Wabillahi tawfiq.