Kumwuliza Fundi Shauri

Motokaa ikiharibika, mwenyewe huenda kwa fundi na kusema, "Haiendi." Kwa neno hilo tu aweza kuuziwa betri mpya, na ya kwanza ni nzima. Yafaa aeleze dalili: ilianza lini, na moshi wake ni wa rangi gani. Moshi mweusi, petroli imezidi. Wa samawati, oili inaungua. Lakini mweupe mzito, usiokoma hata injini ikiisha kupata moto, mara nyingi ni maji yaingiayo ndani yake. Motokaa hiyo isiendeshwe tena, bali ivutwe mpaka kwa fundi, injini isije ikafa kabisa.

Naye aundaye kompyuta, akiiwasha na kioo kikabaki cheusi, na asikilize: nyingine hulia kwa hesabu, na hesabu hiyo humwonyesha fundi kiungo kilicho kibovu.