Je, Bingwa wa Meno Aweza Kufanya Kazi ya Daktari wa Kawaida?

Kamati ya parokia moja ilipata nafasi ya kutembelewa kwa siku mbili na daktari bingwa wa kunyoosha meno. Ikamkataa. "Wagonjwa wetu ni wa kung'oa," walisema, "huyo ni wa nyaya." Watu wenye meno mabovu wakaendelea kusubiri. Je, kamati ilifanya sawa?

Tuanze na masomo yenyewe. Hapa Tanzania daktari wa meno husoma chuo kikuu miaka mitano, kisha hufanya mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Bingwa ni mtu yuleyule aliyerudi chuoni kwa miaka mingine isiyopungua mitatu ili ajifunze zaidi sehemu moja, kama vile upasuaji wa kinywa na taya, meno ya watoto au kunyoosha meno. Kwa hiyo yule bingwa wa nyaya alifundishwa kung'oa na kuziba kabla ya kufundishwa nyaya. Kamati ingemwuliza tu: mara ya mwisho uling'oa gego lini? Mkono usiotumika husahau, na bingwa mwungwana atalisema hilo mwenyewe.

Na daktari wa kawaida, je, aweza kugusa kazi ya bingwa? Nyingine anazifanya siku zote. Kutibu mzizi wa jino la mbele kumo katika masomo yake. Lakini gego la mwisho lililolala ndani ya taya, karibu na mshipa wa fahamu, ni jambo jingine. Huko Uingereza baraza linalosajili madaktari wa meno lina orodha 13 za ubingwa. Daktari asiyemo katika orodha aweza kufanya kazi hizo akiwa na ujuzi nazo, ila hana ruhusa ya kujiita bingwa. Naona ni utaratibu wa busara, maana mgonjwa ajue anatibiwa na nani.

Vijijini kwetu, hata hivyo, anayepatikana mara nyingi ni tabibu wa meno mwenye stashahada. Tusimdharau. Njia ya kuziba meno kwa vifaa vya mkono, bila umeme wala mashine ya kutoboa, ilianzia hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na Shirika la Afya Duniani likaitangaza katika Siku ya Afya Duniani, 7 Aprili 1994. Mfadhili anayetaka kutununulia kiti cha meno cha bei kubwa ni vizuri aulize kwanza ni nani atakayekitumia. Pengine seti za vifaa vya mkono, dawa ya ganzi na chombo cha kuchemshia vifaa vitasaidia watu wengi zaidi.

Hata hivyo kuna mgonjwa ambaye tabibu hapaswi kubaki naye. Mwenye uvimbe chini ya taya na ulimi, asiyeweza kumeza wala kufungua kinywa vizuri, apelekwe hospitali kubwa siku hiyohiyo, kwa sababu uvimbe huo waweza kuziba njia ya hewa. Kamati iwe na fedha ya gari kwa ajili yake, iliyotengwa mapema.

Ama yule bingwa wa nyaya, aandikiwe barua nyingine. Aelezwe wagonjwa ni wa aina gani, aulizwe ni kazi zipi yuko tayari kuzifanya, na aombwe nakala ya leseni yake.