Takhmisa Darasani

Tumezoea, walimu wa fasihi, kumwadhibu mwanafunzi aingizaye mistari ya mshairi mwingine katika utungo wake. Sisi wenyewe tulipata kumpa sifuri msichana mmoja kwa kosa hilo. Hakutunga tena muda wote aliokuwa kwetu. Lililotupasa ni kumfundisha takhmisa.

Jina hilo latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya tano. Mtunzi huchukua mistari miwili ya mwenziwe, akaitangulizia mitatu yake, ubeti ukatimia. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, anayejulikana zaidi kwa Al-Inkishafi, ndiye anayetajwa kuwa aliyeyatakhmisi mashairi yanayonasibishwa na Fumo Liyongo. Wala hakuna aliyemwita mwizi.

Darasani, mwalimu na aandike ubaoni mistari miwili yenye mizani 16, pamoja na jina la aliyeitunga. Kwanza isomwe kwa sauti, hata iimbwe, mpaka mizani iingie masikioni. Kisha kila mwanafunzi atunge mitatu ya kuitangulia, kwa mizani ile ile na vina vinavyoafikiana nayo. Kosa litakalojitokeza sana si la vina, bali ni kuyarudia yale yaliyokwisha kusemwa na mistari ya mwisho. Hapo tusikimbilie kalamu nyekundu. Tumwulize mwanafunzi: mshairi huyu alikuwa akijibu swali gani? Mistari yake mitatu na iwe ndiyo swali hilo.