SOMO LA WIKI: Jenereta ya duka, hesabu kwanza

Mgawo wa umeme ukianza, wenye maduka ya samaki na vinywaji baridi hukimbilia jenereta. Wengi huuliza bei kabla ya kuuliza nguvu, na hapo ndipo mtaji hupotea.

Hesabu huanzia dukani. Friza ya wati 200 huweza kuvuta wati 600 au zaidi inapoanza kuwaka. Ukiongeza taa 5 za wati 10 na feni ya wati 60, jumla ni wati 710. Jenereta ya kVA 1, kwa kipimo cha kawaida cha 0.8, hutoa wati 800 tu. Friza ikivuta zaidi kidogo, mashine huelemewa. Ya kVA 1.5 hutoa wati 1,200. Mnunuzi asome nguvu ya kudumu, si ya kilele.

Kisha mafuta. Mashine inayokunywa lita 1 kwa saa humaliza lita 6 katika mgawo wa saa 6. Gharama hiyo ikizidi thamani ya mali inayookolewa, kununua barafu ni nafuu.

Usalama hauna mjadala. Moshi wa jenereta una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Mashine isiwashwe ndani wala barazani. Ikae mita 6 au zaidi kutoka milangoni na madirishani. Izimwe na ipoe kabla ya kujazwa petroli. Fundi afunge swichi ya kubadilishia umeme, kwani umeme wa jenereta ukiingia nyaya za mtaani waweza kumuua fundi aliye juu ya nguzo.