SOMO LA WIKI: Ripoti ya maabara isomwe kabla ya kulipia mzigo

Tangu tarehe 1 Januari 1996, vyombo vya elektroniki vinavyouzwa katika soko la Ulaya vinatakiwa kutimiza masharti ya kutoingilia mawasiliano ya redio. Kompyuta, chaja na kidhibiti cha sola vyote huvujisha mawimbi. Yakizidi kiwango, mzigo hukwama, na anayeumia mara nyingi ni mwenye mtaji mdogo.

Kipimo mama hufanyika katika uwanja wa wazi. Chini hutandikwa bamba la chuma, chombo huwekwa juu ya meza inayozunguka, na antena husimamishwa umbali wa mita 10 au 3, ikipandishwa kutoka mita 1 hadi 4 kutafuta wimbi lenye nguvu zaidi. Ubaya wake ni kwamba antena hiyo hiyo hunasa stesheni za redio, televisheni na simu za mkononi za mji mzima.

Ndipo vikaja vyumba vya chuma vilivyopachikwa sponji yenye kaboni au vigae vya feraiti kutani na darini. Gharama ya kuvijenga ni kubwa, na kodi ya siku huonyesha hivyo. Hata hivyo, chumba hukubaliwa kikiwa hakitofautiani na hesabu ya uwanja kamili kwa zaidi ya desibeli 4.

Njia ya bei nafuu zaidi ni seli ya GTEM, kisanduku cha chuma chenye umbo la piramidi iliyolazwa, kilichobuniwa Uswisi miaka ya 1980. Chombo hupimwa ndani yake kwa mikao mitatu, kisha kompyuta hukokotoa kingesomwaje uwanjani. Kwa chombo kidogo kisicho na nyaya, seli hii haina ubishi mkubwa. Matatizo huanzia kwenye nyaya, kwa kuwa katika masafa ya chini waya wenyewe ndio hugeuka antena, na ndani ya seli hauna nafasi ya kutandazwa kama ulivyo mezani kwa mteja. Hapo ndipo pesa za watu huliwa.

Kipo pia chumba cha mwangwi, ambacho hupima jumla ya nguvu inayotoka. Hicho hufaa zaidi masafa ya juu.

Mathalan, kiwango cha vyombo vya nyumbani kwa mita 10, kati ya megahezi 30 na 230, ni desibeli 30. Ripoti ikionyesha 28, muuzaji atasema chombo kimefaulu. Kimefaulu, lakini kwa desibeli 2 tu, ilhali mahali pa kupimia penyewe panaruhusiwa kukosea 4. Maabara nyingine inaweza kukikataa.

Kwa hiyo seli itumike wakati chombo kinasanifiwa, kutafuta kosa mapema, na kipimo cha mwisho kilipiwe uwanjani au chumbani. Mnunuzi naye aangalie katika ripoti mahali pa kipimo, umbali, na kama nyaya zote zilikuwa zimechomekwa.